Snuka: Taji la Wales lililogombaniwa na watoto wa migodi

Kati ya mwaka wa 1977 na 1991, wanaume wanne tu ndio waliobeba taji la ubingwa wa snuka wa Wales kwa wachezaji wa kulipwa. Leo watatu kati yao hawako tena duniani. Doug Mountjoy alifariki tarehe 14 Februari 2021, akiwa na umri wa miaka 78. Ray Reardon alimfuata Julai 2024, akiwa na miaka 91. Terry Griffiths aliaga dunia tarehe 1 Desemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 77. Aliyebaki ni Darren Morgan, mshindi wa mwisho. Yeye hakupokonywa taji na mtu yeyote: mashindano yenyewe ndiyo yaliyofutwa.

Wales ni inchi ndogo upande wa magharibi wa Uingereza, yenye wakaaji milioni 3 hivi. Lakini katika mchezo wa snuka imetoa mabingwa watatu wa dunia: Reardon, Griffiths na Mark Williams. Wakihesabiwa pamoja, wamechukua ubingwa wa dunia mara 10. Inchi ndogo namna hii ilipata wapi wachezaji wakubwa hivyo? Jibu liko chini ya ardhi, katika mashimo ya makaa ya mawe, na katika vyumba ambavyo wachimbaji walijijengea kwa pesa zao wenyewe.

Mchezo wenyewe

Wengi wanaijua biliadi ya meza ndogo inayochezwa katika baa za Goma, Bukavu au Lubumbashi. Snuka ni ndugu mkubwa wa mchezo huo. Meza yake ina urefu wa mita 3.6 na upana wa mita 1.8, na ina mifuko 6 myembamba ambayo haimhurumii mtu anayepiga ovyo.

Juu ya meza huwekwa mipira 22. Mmoja ni mweupe, ndio pekee unaoguswa na fimbo. Mipira 15 ni myekundu, kila mmoja una pointi 1. Sita iliyobaki ni ya rangi: njano pointi 2, kijani 3, kahawia 4, bluu 5, waridi 6 na mweusi 7. Mchezaji huingiza mwekundu kwanza, kisha wa rangi, kisha mwekundu tena. Ule wa rangi hurudishwa mezani mpaka wekundu wote wamalizike. Anayeingiza mweusi kila mara na kusafisha meza yote hupata pointi 147.

Lakini nguvu na shabaha hazitoshi. Mchezaji mwerevu huuficha mpira mweupe nyuma ya mwingine, ili mpinzani wake asiweze kuulenga moja kwa moja ule anaopaswa kuugusa. Mchezo wote ni wa subira: kukaa kitini kimya wakati mwenzako anapiga, na kutumia nafasi moja tu anapokosea. Ulianzia kati ya maofisa wa jeshi la Uingereza huko India mwaka wa 1875, lakini ni wafanyakazi ndio walioufanya uwe mchezo wa watu wote.

Duru moja huitwa fremu. Katika mechi ya kwanza ya ubingwa wa Wales, mwaka wa 1977, mshindi alihitaji fremu 12. Baadaye fainali zilikuwa za fremu 9.

Senti za wachimbaji

Mwanzoni mwa karne ya 20, migodi ya kusini mwa Wales iliajiri zaidi ya watu 250,000. Ilikuwa kazi iliyoua. Mwaka wa 1913, mlipuko katika mgodi wa Senghenydd uliwaua wachimbaji 439. Mwaka wa 1966, mlima wa takataka za mgodi ulibomoka juu ya kijiji cha Aberfan na kuifunika shule. Watu 144 walikufa, na 116 kati yao walikuwa watoto.

Katika maisha hayo, wachimbaji hawakungojea tajiri wala serikali iwafikirie. Kila mmoja alikatwa senti kidogo kwenye mshahara wake, na pesa hizo zikajenga majumba ya wafanyakazi katika kila bonde. Ndani ya jumba kulikuwa na maktaba, ukumbi wa mikutano, na mara nyingi chumba chenye meza za biliadi na snuka.

Mji wa Tredegar ulikwenda mbele zaidi. Wafanyakazi wake walianzisha chama cha matibabu kilichofanana na mutuelle za afya zinazojulikana katika miji ya Kivu: unatoa mchango wako kila wiki, na siku ukiugua unatibiwa. Aneurin Bevan, aliyezaliwa Tredegar mwaka wa 1897 na kuingia mgodini akiwa bado kijana mdogo, alikua akikiona chama hicho kikifanya kazi. Alipokuwa waziri wa afya, alianzisha huduma ya afya kwa raia wote wa Uingereza mwaka wa 1948.

Katika mji huohuo wa Tredegar walizaliwa Ray Reardon, mwaka wa 1932, na Cliff Wilson, mwaka wa 1934.

Ni vyema kusema pia kwamba majumba haya hayakuwa ya kila mtu. Chumba cha biliadi kilikuwa cha wanaume, na wanawake wa mabonde hayo mara nyingi walizuiliwa kuingia. Lakini kwa kijana wa mchimbaji aliyeruhusiwa kuvuka mlango, ilikuwa shule isiyodai karo.

Glavu nyeupe

Reardon aliingia mgodini akiwa na miaka 14, katika shimo la Ty Trist. Alikuwa tayari anapenda snuka, na aliijua hatari ya kuvunjika kidole au kuumia kiganja. Basi akavaa glavu nyeupe akiwa chini ya ardhi, kati ya wanaume waliojaa vumbi jeusi. Jioni, mikono hiyo ndiyo iliyoshika fimbo. Kuanzia mwaka wa 1950 hadi 1955 alikuwa bingwa wa Wales kwa wachezaji wasiolipwa, mara 6 mfululizo.

Katikati ya miaka ya 1950 alihamia eneo la Stoke-on-Trent, huko England, na kuendelea kuchimba makaa. Mwaka wa 1957 mwamba ulimwangukia katika mgodi wa Florence. Alifukiwa kwa saa 3, bila kuweza kusogeza mguu wala mkono. Baadaye alieleza kwamba aliishinda hofu kwa kucheza gololi kichwani mwake na mdogo wake, mchezo mmoja baada ya mwingine, mpaka wenzake walipomfikia.

Baada ya hapo aliacha mgodi akawa askari polisi. Alianza kulipwa kama mchezaji mwaka wa 1967, akiwa na miaka 35 hivi. Miaka miwili baadaye televisheni ya BBC ilianzisha kipindi cha snuka kiitwacho Pot Black, kwa sababu mipira ya rangi ilifaa kuonyesha uzuri wa televisheni ya rangi. Mshindi wa kwanza wa kipindi hicho alikuwa Reardon. Alikuwa bingwa wa dunia mwaka wa 1970, kisha mara 4 mfululizo kuanzia 1973 hadi 1976, na tena mwaka wa 1978.

Huyo ndiye mtu ambaye kila mchezaji wa Wales alipaswa kumshinda kama alitaka kuitwa bingwa wa nyumbani.

Watoto wa Tredegar wakutana tena

Mwaka wa 1977 alitokea mwenye ujasiri huo. Doug Mountjoy, mchimba makaa kutoka Tir-y-Berth, alikuwa ametoka kuchukua ubingwa wa dunia wa wachezaji wasiolipwa huko Johannesburg, Afrika Kusini, mwaka wa 1976. Katika mashindano makubwa ya Masters ya mwaka wa 1977, mgeni huyo alimfunga Reardon katika fainali kwa fremu 7 dhidi ya 6. Lakini katika mechi ya ubingwa wa Wales mwaka huohuo, mzee alishinda: 12 dhidi ya 8.

Kuanzia mwaka wa 1980 ubingwa ulichezwa kila mwaka. Miaka ya kwanza ulifanyika Ebbw Vale, mji jirani na Tredegar. Ebbw Vale ulikuwa mji wa chuma, na tanuru zake zilikuwa zimezimwa katika miaka ya 1970. Sehemu ya kiwanda iliyobaki ilifungwa kabisa mwaka wa 2002. Mji uliokuwa unapoteza kazi ndio uliopokea wachezaji bora wa inchi.

Fainali ya mwaka wa 1981 ilikuwa na historia ndefu nyuma yake. Upande mmoja alisimama Reardon; upande wa pili Cliff Wilson. Walipokuwa vijana mwanzoni mwa miaka ya 1950, mechi zao ziligawanya Tredegar. Reardon alicheza kwa hesabu na utulivu. Wilson alipiga haraka na kwa nguvu, mpira ukiingia kabla watazamaji hawajajua anaulenga upi.

Reardon alipohama, Wilson alipoteza mpinzani wake na hamu ya mchezo. Aliweka fimbo chini kwa miaka karibu 15, akafanya kazi katika kiwanda cha chuma cha Llanwern. Alirudi mezani katika miaka ya 1970, macho yake yakiwa dhaifu, na bado akawa bingwa wa dunia wa wasiolipwa mwaka wa 1978 huko Malta. Mwaka uliofuata akaanza kucheza kwa kulipwa.

Ndiyo maana fainali ile ilikuwa zaidi ya mechi. Wanaume wawili wenye karibu miaka 50, waliokulia katika mji mmoja wa wachimbaji, walikuwa wanamalizia hesabu iliyoachwa wazi miaka 25 hivi nyuma. Reardon alishinda 9 dhidi ya 6. Wilson alifika fainali tena mwaka wa 1984, akafungwa na Mountjoy 9 kwa 3. Alifariki mwaka wa 1994 bila kulipata taji la Wales la wachezaji wa kulipwa.

Mountjoy, bingwa wa mara tano

Duniani Reardon ndiye mkubwa, lakini katika orodha ya mabingwa wa Wales jina linaloongoza ni la Mountjoy. Alishinda mwaka wa 1980, 1982, 1984, 1987 na 1989. Alipoteza pia fainali 5, mojawapo ikiwa ile ya mwaka wa 1983, ambapo Reardon, akiwa na miaka 50, alimchapa 9 kwa 1.

Kufungwa hivyo mbele ya watu wa kwenu kunaweza kumvunja mtu. Mountjoy alirudi mwaka uliofuata na kushinda. Baadaye kiwango chake kilishuka, na wengi walidhani siku zake zimekwisha. Alikwenda kwa kocha Frank Callan, aliyekuwa muuza samaki, ambaye alimfundisha upya namna ya kusimama na kupiga.

Matokeo yalionekana mwishoni mwa mwaka wa 1988. Akiwa na miaka 46, Mountjoy alifika fainali ya ubingwa wa Uingereza dhidi ya Stephen Hendry wa Scotland, kijana wa miaka 19. Alimshinda 16 kwa 12, na katika fainali hiyo alipata zaidi ya pointi 100 kwa zamu moja katika fremu 3 zilizofuatana. Mwezi Januari 1989 alishinda mashindano mengine makubwa kwa kumfunga mwenzake wa Wales, Wayne Jones, 13 kwa 11. Mwaka huohuo akamshinda Griffiths 9 kwa 6 na kuchukua taji la nyumbani kwa mara ya tano.

Mwaka wa 1993 madaktari walimkuta na saratani ya mapafu, na pafu lake moja likaondolewa. Aliishi karibu miaka 28 baada ya hapo.

Mtu wa Llanelli

Terry Griffiths hakutoka katika mabonde ya Tredegar. Alizaliwa Llanelli, mji wa magharibi zaidi, mwaka wa 1947. Alikuwa amefanya kazi ya kupeleka barua, ya kukata tiketi katika basi na ya kuuza bima kabla ya kuamua, mwaka wa 1978, kuishi kwa snuka. Mwaka wa 1979 alianzia katika mechi za mchujo za ubingwa wa dunia, akafika mpaka fainali huko Sheffield, na kumshinda Dennis Taylor wa Ireland ya Kaskazini 24 kwa 16. Mwaka huo pia, Reardon, Griffiths na Mountjoy waliipatia Wales kombe la dunia la timu, na wakalichukua tena mwaka wa 1980.

Nyumbani ilimbidi angoje. Mwaka wa 1982 alipoteza fainali kwa fremu moja tu, 9 kwa 8, mbele ya Mountjoy. Lakini mwaka wa 1985, 1986 na 1988 taji lilikuwa lake.

Miaka hiyo ilikuwa michungu kwa wachimbaji. Kuanzia Machi 1984 hadi Machi 1985 waligoma kupinga kufungwa kwa migodi. Walirudi kazini bila kupata walichodai, na migodi ikaendelea kufungwa mmoja baada ya mwingine. Majumba yaliyojengwa kwa senti za mishahara yalianza kukosa mishahara ya kukata.

Mlango wafunguliwa

England, Scotland, Ireland na Kanada nazo zilikuwa na mashindano ya kitaifa ya aina hii. Mengi yalikoma mwishoni mwa miaka ya 1980. La Wales lilidumu kidogo zaidi. Mwaka wa 1990 Darren Morgan, kijana wa miaka 23 kutoka Newport, alimshinda Mountjoy wa miaka 47 kwa fremu 9 dhidi ya 7. Mwaka wa 1991 alirudia ushindi, 9 kwa 3, dhidi ya Mark Bennett. Hapo ndipo orodha inapoishia.

Mwaka huohuo wa 1991 viongozi wa snuka walifungua mlango kwa yeyote aliyetaka kucheza kwa kulipwa, na mamia ya wachezaji wakaingia. Dunia ya snuka ilitaka mashindano yenye pointi za orodha ya dunia, si mashindano ya inchi moja. Mwaka wa 1992 ubingwa wa Wales ukageuzwa kuwa Welsh Open, mashindano ya wazi kwa wachezaji wa inchi zote, palepale Newport.

Morgan alifika fainali ya kwanza ya mashindano hayo mapya. Alikuwa katika mji wake, akiwa bingwa wa mwisho wa Wales. Hendry wa Scotland alimfunga 9 kwa 3.

Faida na hasara

Mabadiliko hayo yalileta faida. Mashindano yaliongezeka uzito, na watu wa Wales wakaona wachezaji bora wa dunia karibu na nyumbani kwao. Kijana wa Wales mwenye kipaji hakuhitaji tena kuridhika na kuwa mkubwa katika bonde lake tu.

Mfano ni Mark Williams, aliyezaliwa mwaka wa 1975, mtoto wa mchimba makaa kutoka Cwm, kijiji cha karibu na Ebbw Vale. Alianza kulipwa mwaka wa 1992, wakati taji la kitaifa lilikuwa limekwisha kufutwa. Hakuwahi kuwa bingwa wa Wales kama Reardon au Mountjoy, lakini alikuwa bingwa wa dunia mwaka wa 2000, 2003 na 2018. Mwaka wa 2000 fainali ya dunia ilikuwa kati yake na Matthew Stevens wa Carmarthen, naye mtu wa Wales. Stevens aliongoza 13 kwa 7. Williams akamaliza 18 kwa 16. Mechi kubwa kuliko zote kati ya watu wawili wa Wales ilichezwa Sheffield, inchini England. Mwaka wa 2025, akiwa na miaka 50, Williams alifika tena fainali ya dunia, akashindwa 18 kwa 12 na Zhao Xintong wa China.

Hasara nayo ipo, na inahesabika. Tangu mwaka wa 1992 hadi mashindano ya 2025, mtu mmoja tu wa Wales ameshinda Welsh Open: Williams huyohuyo, mwaka wa 1996 na 1999. Zamani kila mwaka lazima apatikane mtu wa Wales wa kuitwa bingwa, na vijana wa mtaani walijua anatoka bonde gani na alijifunzia katika chumba gani. Wachezaji kama Steve Newbury na Wayne Jones, ambao hawakuwa na majina makubwa duniani, walifika fainali na kucheza mbele ya watu wao. Bila mashindano ya nyumbani, mchezaji wa kiwango cha kati hufungwa mapema katika mji wa mbali, na jirani zake hawapati habari.

Mgodi wa mwisho mkubwa wa chini ya ardhi kusini mwa Wales, Tower, ulifungwa mwaka wa 2008. Chanzo kilichowaleta Reardon, Mountjoy na Williams mezani kimekauka. Mtoto wa leo anayetaka kucheza snuka lazima atafute klabu inayoishi kwa malipo ya wateja, na klabu hizo si nyingi kama zamani.

Kitu kimoja kimebaki kama kumbukumbu. Tangu mwaka wa 2017, kombe la Welsh Open linaitwa kwa jina la Ray Reardon, kijana aliyeshuka shimoni akiwa amevaa glavu nyeupe. Mwaka wa 2024 lilinyanyuliwa na Gary Wilson, na mwaka wa 2025 na Mark Selby. Wote wawili ni watu wa England.